Chaneli 2 ya Boston na Vyuo Vilivyoilea

Kila nikisikia watu wakilalamika kwamba vyuo vikuu vimejifungia ndani ya kuta zao na televisheni imebakiwa na porojo, mawazo yangu hukimbilia Boston, nchini Marekani, kwenye kituo cha WGBH, ambacho tangu 2020 kinajiita GBH tu. Ni kituo cha eneo, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wa Boston na vitongoji vyake, na kimeishi na vyuo vya jirani kwa zaidi ya miaka 70. Nimekifuatilia kwa muda mrefu, hasa kupitia vipindi vyake vya zamani vilivyowekwa mtandaoni, na kadiri ninavyochimba ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja. Ushirika huu ulidumu kwa sababu vyuo vilitoa vitu vinavyoshikika, yaani walimu, viwanja, kilele cha mlima na vijana wa kazi, kisha vikakubali kituo kisiwe mali ya chuo chochote.

Mzizi wake ni wasia. John Lowell Mdogo alikuwa tajiri wa Boston ambaye, mwanzoni mwa miaka ya 1830, alifiwa na mke wake na mabinti zake wawili ndani ya muda mfupi. Akafunga safari ndefu. Mwaka 1835 alikuwa Luxor, Misri, akiwa mgonjwa, na hapo katikati ya magofu ya mafarao akaandika maelekezo ya namna mali yake itakavyotumika. Akaendelea na safari, akaufuata Mto Nile, akavuka Bahari ya Shamu, akafia Bombay mwezi Machi 1836 akiwa na miaka 36. Nusu ya mali aliiacha iwe wakfu wa kutoa mihadhara ya bure kwa wakazi wa mji wake. Na yakiwepo masomo ya juu zaidi yatakayolazimu ada, alisema, ada hiyo isizidi thamani ya busheli mbili za ngano.

Nakipenda sana kifungu hicho. Mtu anayeandika kiasi cha fedha kwenye wasia hajui fedha hiyo itanunua nini baada ya miaka 100. Anayeandika ngano anajua. Mwaka 1910, Harvard ilipoanzisha masomo ya jioni kwa watu wa kazi, chini ya rais wake A. Lawrence Lowell ambaye pia ndiye aliyekuwa mdhamini wa wakfu huo, kipimo kilichotumika kupanga ada kilikuwa kilekile cha ngano.

Lakini haki ya wengine nayo isemwe. Utajiri wa ukoo wa Lowell ulitoka kwenye viwanda vya nguo. Baba yake John, Francis Cabot Lowell, ndiye aliyeongoza ujenzi wa kiwanda cha Waltham, karibu na Boston, mwaka 1814, na pamba iliyosokotwa na kufumwa mle ililimwa na watumwa wa Kusini. Mihadhara ya bure ya Boston ilikuwa na watu walioilipia kwa jasho na damu bila kuulizwa. Siwezi kuusifu wasia nikawasahau.

Ralph Lowell, mwanabenki, alirithi udhamini wa wakfu mwaka 1943. Wakati huo kumbi za mihadhara zilikuwa zimeanza kupwaya. Watu walikuwa nyumbani wakisikiliza redio. Rais wa Harvard, James Bryant Conant, akamshauri kwamba kama watu hawaji ukumbini basi ukumbi uwafuate. Mwaka 1946 likaundwa baraza la ushirika wa utangazaji: Wakfu wa Lowell pamoja na Harvard, MIT, Tufts, Northeastern, Chuo cha Boston na Chuo Kikuu cha Boston. Wakristo Wajesuiti wa Chuo cha Boston, wahandisi wa MIT, maprofesa wa Harvard, wote meza moja. Anayejua jinsi vyuo vya mji mmoja vinavyooneana wivu ataelewa kwamba hilo peke yake lilikuwa kazi.

Mwanzoni baraza halikuwa na kituo. Lilitengeneza vipindi na kuvipeleka kwenye redio za biashara, na redio za biashara zilivipangia saa ambazo tangazo la sabuni lisingenunua. Hapo ndipo wakaona kuna haja ya kuwa na masafa yao. Redio ya WGBH ilianza Oktoba 1951 kwa kurusha moja kwa moja tamasha la Boston Symphony Orchestra. Mnara ulisimikwa Great Blue Hill, kilima cha karibu mita 194 kusini mwa mji, ambako Harvard ilikuwa na kituo cha kupima hali ya hewa, na herufi tatu za mwisho za jina la kituo zimetokana na kilima hicho. Leseni, hata hivyo, haikuwa ya Harvard wala ya MIT. Ilikuwa ya taasisi iliyosajiliwa kwa kazi hiyo tu.

Hili la leseni ni dogo kulisoma, lakini kwangu ndilo lililobeba yote. Njia nyingine ilikuwepo. Houston, Texas, televisheni ya kwanza ya elimu isiyo ya biashara nchini Marekani, KUHT, iliwashwa Mei 1953 chini ya Chuo Kikuu cha Houston chenyewe, na inafanya kazi nzuri mpaka leo. Siwezi kusema mtindo huo ni mbaya. Ila kituo kilicho mali ya chuo kinaponea kwenye bajeti ya chuo, na rais mpya wa chuo akiamua kwamba fedha ziende kwenye maabara, kituo kitamlalamikia nani? Boston, chuo kimoja kikichoka, vingine vilikuwepo. Na mtangazaji aliweza kumwambia profesa, kwa heshima, kwamba mhadhara wake unachosha.

Televisheni, Chaneli 2, ilianza Mei 2, 1955. Studio ilikuwa Massachusetts Avenue, Cambridge, mkabala na jengo kuu la MIT, ndani ya jengo lililokuwa zamani ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Kipindi cha kwanza kabisa hakikuwa cha profesa. Kilikuwa cha watoto wadogo, chenye nyimbo na vitu vya kuonyeshwa, kilichotengenezwa kwa ushirikiano na shule ya walimu wa chekechea ya Tufts. Nadhani uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko walivyojua. Profesa angewaleta watu waliokwisha kuzoea maprofesa. Mtoto alimleta mama yake mbele ya kioo, na mama alibaki.

Kamera zilishikwa na nani? Sehemu kubwa ya mafundi walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Boston, waliofanya kazi kituoni huku wakisoma, na kazi hiyo ikawasaidia kulipia masomo. Walisukuma kamera nzito, wakapanga taa, wakajifunza kuhesabu sekunde kabla ya kuingia hewani. Mmoja wa vijana waliotoka chuo hicho, Russell Morash, ndiye aliyekuja kumwongoza Julia Child katika vipindi vya upishi vilivyoanza kurushwa 1963, vilivyokifanya kituo kijulikane nchi nzima. Tukizungumzia mchango wa vyuo kwa televisheni huwa tunawawazia wenye majoho. Wa Chuo Kikuu cha Boston (BU) walikuwa na mikono iliyoungua kwa taa, na bila wao Chaneli 2 isingefika mwaka wa pili.

Harvard nayo ilileta masomo kamili ya kutunukiwa alama za chuo, na hapa kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1960 Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa na nyambizi mpya zilizobeba makombora ya nyuklia ya Polaris, zilizokaa chini ya maji kama miezi miwili bila kuibuka. Mabaharia walitaka kusoma. Watasomaje bila mwalimu, bila barua? Jibu lilikuwa tayari limelala kwenye makabati ya WGBH. Mihadhara ya televisheni ilikuwa ikihifadhiwa kwa kuielekezea kamera ya filamu kwenye kioo na kuipiga jinsi inavyoonekana. Picha zake zina ukungu, mistari ya kioo inaonekana, lakini sauti ya mwalimu iko wazi. Filamu hizo zikapakiwa kwenye nyambizi. Fikiria baharia amemaliza zamu yake, yuko chini ya bahari ya Atlantiki, anakaa mbele ya projekta kumsikiliza mwalimu wa Harvard aliyesimama kwenye ukumbi wa zamani wa viatu vya magurudumu. Silaha zilizokuwa nyuma ya ukuta wake ni habari nyingine, na inatisha. Ila kiu ya yule kijana ya kujua ilikuwa ya kweli, na kuna watu waliochukua tabu kuikidhi.

Alfajiri ya Oktoba 14, 1961, studio iliungua. Moto ulimaliza karibu kila kitu.

Kilichofuata ndicho kipimo halisi cha urafiki. Vyuo, majumba ya makumbusho na hata televisheni za biashara zilizokuwa washindani wake zilikiazima kituo vyumba, vifaa na saa za studio, na Chaneli 2 ikarudi hewani karibu mara moja. Kwa miaka kadhaa wafanyakazi walitawanyika mjini, ofisi hapa, kamera kule, uhariri kwingine. Kisha Harvard ikatoa kiwanja Allston, ng'ambo ya Mto Charles, na studio mpya ikajengwa. Kiwanja si tamko. Nimesoma hati nyingi za makubaliano kati ya vyuo na vyombo vya habari, zimejaa "kukuza" na "kuimarisha", na mwisho wa hati hakuna hata kiti kilichotolewa. Mtu akiniuliza leo kama ushirika fulani ni wa kweli, namuuliza ni nini kilichobadilisha mikono.

Vipindi vilivyonifanya nikipende kituo hiki ni vya sayansi, vilivyofanywa na MIT, vikiongozwa na John Fitch, ambaye mwenyewe alisoma MIT. Kimoja cha mwaka 1963 kiko mtandaoni. Fitch anazungumza na Fernando Corbató, mtaalamu wa kompyuta wa MIT, kuhusu tatizo la foleni ya kompyuta. Wakati huo chuo kizima kiligombania mashine chache. Mtafiti alitoboa programu yake kwenye kadi, akakabidhi rundo la kadi, akaenda zake, na majibu akayapata baada ya saa nyingi au kesho yake; akikuta amekosea alama moja, anaanza upya. Corbató anaeleza wazo lake taratibu: mashine iwahudumie watu wengi kwa zamu fupi sana, kila mmoja kwenye mashine yake ya kuandikia, kwa kasi inayomfanya kila mtu ahisi kwamba kompyuta ni yake peke yake. Kisha anakaa mbele ya mashine ya kuandikia na kuonyesha. Anaandika amri, anasubiri, herufi zinajichapa zenyewe. Hakuna muziki wa kutia hamasa, hakuna picha za angani. Kuna mtu anayeijua kazi yake na mwingine anayejua swali la kumuuliza. Kompyuta nyingi tunazokodi leo kwa njia ya mtandao zinaishi juu ya wazo hilo, na watu wa Boston waliliona likielezwa sebuleni kwao na aliyelijenga.

Kingine ni cha 1965, kuhusu kompyuta iliyokuwa ikitengenezwa kuwaongoza wanaanga wa Apollo hadi mwezini. Kamera inaingia kiwandani kuonyesha jinsi kumbukumbu ya ile kompyuta inavyofumwa kwa mkono. Mwanamke anapitisha sindano yenye waya kwenye pete ndogo za sumaku: waya ukipita ndani ya pete ni moja, ukipita nje ni sifuri. Programu nzima ya safari ya mwezini ilishonwa hivyo, waya kwa waya, na waya ukikosea njia kusahihisha ni kazi kubwa. Kampuni ya Raytheon ilizitengeneza Waltham, mji uleule wa kiwanda cha nguo cha Lowell. Kipindi hakilisemi hilo. Kinamwonyesha mama akifanya kazi kwa utulivu na kumpa muda wa kutosha kwenye kioo, jambo ambalo wahariri wa siku hizi wangelikata baada ya sekunde tatu.

Waltham huohuo ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Brandeis. Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais Franklin Roosevelt, alikuwa akifundisha huko, na kuanzia 1959 WGBH ilirekodi chuoni hapo mfululizo wa mazungumzo yake na viongozi wa dunia. Mapema mwaka 1960 mgeni mmojawapo alikuwa Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, Tanganyika ikiwa bado chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa na ikiwa karibu miaka miwili kabla ya uhuru. Pamoja naye alikaa Ralph Bunche wa Umoja wa Mataifa, mtu aliyekuwa ameiongoza idara ya nchi zilizo chini ya udhamini huo, mwenye shahada ya udaktari ya Harvard na, kwa faida ya wasomaji wangu, mwanafunzi wa Kiswahili wa zamani: kabla ya vita aliwahi kufundishwa lugha yetu jijini London na Jomo Kenyatta. Mazungumzo hayo kuhusu Afrika na kasi ya uhuru yalipata nafasi ya kurefuka, wazo likafuatwa hadi mwisho, kwa sababu hapakuwa na tangazo la biashara la kuyakata. Ni chuo kilichomleta mgeni na kituo kilichompa dakika. Kimoja bila kingine kisingetosha.

Kufikia hapo Ralph Lowell alikuwa ameona kwamba vituo vya namna hii kote Marekani vinakufa njaa. Mwaka 1964 alipendekeza iundwe tume ya kitaifa ya kuchunguza televisheni ya elimu. Shirika la Carnegie likaigharamia, James Killian, aliyekuwa rais wa MIT, akawa mwenyekiti, na Conant, yuleyule wa ushauri wa redio, akawa mjumbe. Ripoti yao ilitoka Januari 1967. Novemba mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya utangazaji wa umma, na fedha za serikali kuu zikaanza kutiririka. Mtandao wa kitaifa wa televisheni za umma, PBS, ulipoanza, rais wake wa kwanza alikuwa Hartford Gunn, meneja wa WGBH. Meza ya Boston ya 1946 ilikuwa imekuwa meza ya nchi.

Baada ya hapo ushirika ulibadilika sura, na si kila badiliko nililifurahia. Mwaka 1974 WGBH ilianzisha NOVA, mfululizo wa sayansi unaoendelea mpaka leo, uliobuniwa na Michael Ambrosino baada ya kukaa mwaka mmoja BBC. Ni kazi bora; sina neno. Lakini katika NOVA mwanasayansi huhojiwa kwa dakika chache na msimulizi ndiye anayebeba hoja. Corbató alipewa nusu saa ya kufikiri mbele ya watu. Masomo ya alama nayo yalipungua hewani. Ndiyo maana nilifurahi sana mwaka 2009, WGBH na Harvard ziliporudi pamoja na kurusha somo la Michael Sandel kuhusu haki, vipindi 12 vilivyorekodiwa katika ukumbi wa Sanders mbele ya mamia ya wanafunzi. Sandel anauliza swali, mwanafunzi anajibu, mwenzake anampinga kutoka roshani, na kamera inasubiri. Vipindi hivyo vimezunguka dunia nzima kupitia mtandao. Watu walikuwa bado wanataka mwalimu.

Mwaka 2025 ulikuwa mchungu kwa pande zote mbili. Mwezi Aprili serikali ya Marekani ilizuia zaidi ya dola bilioni 2 za utafiti zilizokuwa ziende Harvard. Mwezi Julai Bunge likafuta dola bilioni 1.1 za utangazaji wa umma, na shirika lililokuwa likizigawa tangu sheria ya 1967 likatangaza kufunga shughuli zake. GBH, kama wenzake, ililazimika kupunguza watu.

Najua mtu ataniambia kwamba mwenye njaa hawezi kumkopesha mwenye njaa. Lakini kati ya 1946 na 1967 hapakuwa na senti ya mfuko ule wa serikali kuu, na bado kituo kilianza, kikaungua, kikajengwa upya, kikafundisha mabaharia na kumpa Nyerere meza. Vyuo vya Boston vina majengo mengi leo kuliko wakati huo, vina walimu wengi zaidi, na kamera iliyokuwa ikisukumwa na vijana wawili sasa inaingia mfukoni. Mimi ningeanza na Jumatano jioni, saa moja, somo moja kamili kila wiki, vyuo vile sita kwa zamu, mwalimu akichaguliwa na kituo na si na mkuu wa idara, na wanafunzi wa BU kwenye kamera wakilipwa kwa punguzo la karo kama zamani.